Anayehesabu Kimya

Ngazi ni mia moja sitini na moja
kutoka barabara ya bandarini hadi kiwanja cha Las Perdices.
Nazijua. Mimi ndiye mwenye matoazi,
kazi yangu kuhesabu.

Jumamosi tulipandisha kontrabesi la Yerko
kama watu wanavyopandisha friji wakihama:
wawili juu, watatu chini, mmoja wa kupiga kelele.
"Shingo! Angalieni shingo!"
Mzee wa nyumba ya bluu akafungua dirisha, akauliza ni maiti ya nani.
Yerko akamjibu: bado anapumua, njoo saa kumi umsikilize,
hakuna kiingilio.

Maestro Ormeño anasema Valparaíso ina ukumbi mzuri huko chini,
wenye viti vya mahameli,
na kuna bibi huku juu hajashuka tangu goti lake limkatae.
Basi goti likishindwa, okestra ina miguu mia na ishirini.
Alisema hivyo mwezi Machi. Hatukujua anamaanisha miguu yetu.

Goli moja lina wavu,
lingine limeanikwa nguo za mtu.
Tumebana karatasi za muziki kwa vibanio
kwa sababu upepo wa hapa husoma haraka kuliko sisi.
Watu wameleta viti vya jikoni, stuli, kreti za bia;
mtoto mmoja ameukalia mpira wake ili usichezwe.

Kisha inaanza, nami naanza kutofanya kitu.

Fidla zinakwenda. Klarineti ya Rayén inapanda, inateleza,
inajishika. Mimi: moja-mbili-tatu-nne,
mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne,
mia moja arobaini na nane za namna hii,
matoazi mapajani kama sahani za mgeni asiyetokea.
Kimya kingi, walisema wahenga, kina mshindo mkuu.
Hawakusema ni nani anayehesabu,
wala kwamba pua yake inawasha.

Bibi Eduvigis, yule wa goti, yuko mstari wa mbele na blanketi.
Ananitazama mimi tu. Namwona anajiuliza
kama msichana huyu ni mgonjwa au kaadhibiwa.

Tisini na sita-mbili-tatu-nne.
Tisini na saba —
na hapo kwenye kona anatokea muuza gesi na lori lake,
akigonga mitungi kwa spana, ting-tang, ting-tang,
kwa mapigo yake mwenyewe, si yetu,
na kiwanja kizima kinacheka, mpuliza filimbi wa pili anacheka ndani ya filimbi,
mtu anapaza sauti: "Mmoja, wa kilo kumi na tano!"
na ile tisini na saba inaniponyoka
kama sabuni bafuni.

Sijawahi kuwa mpweke hivyo katikati ya watu sitini.

Sikuwa na nambari. Nikabaki na masikio.
Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili ya mazoezi
nikasikia walichokuwa wakicheza:
vile viola zinavyobeba kitu kizito bila kulalamika,
vile Yerko anavyovuta hewa puani kabla ya kila upinde mrefu,
vile sauti yote inavyoinama kidogo,
kama mtu anayekusudia kuruka.
Nikasimama. Maestro hakunitazama.
Nikaachia.

Mbwa wote wa Las Perdices wakajibu.

Sijui kama ilikuwa pale. Rayén anasema ndiyo.
Yerko anasema karibu.
Maestro alikuwa anatafuta koti lake.
Bibi Eduvigis alinishika kwa mkono wa baridi wenye harufu ya kitunguu,
akasema: "Nilidhani hutapiga."
Kisha akataka kuyashika. Nikampa.
Akayagonganisha taratibu sana, ukingo kwa ukingo,
akayaweka sikioni mpaka yakanyamaza,
na hilo lilichukua muda.

Tulishuka gizani, kontrabesi likitanguliza miguu.
Nikahesabu ngazi kwa mazoea.
Zikatoka mia moja sitini na nne.
Sikurudi kuhakikisha.